Mcheza Kwao Hutunzwa: Florence Kasumba na Safari ya Lugha Jukwaani

1. Utangulizi

Methali isemayo "Mcheza kwao hutunzwa" imezoeleka mno hata ni nadra kumwona mtu akisimama kuipima. Aghalabu hutumiwa kwa maana ya kwamba mtu hupata heshima yake miongoni mwa watu wake. Lakini asili yake si heshima kwa jumla. Asili yake ni uwanja wa ngoma. Mcheza ni mcheza ngoma, na kutunzwa ni kule kupewa zawadi papo hapo uwanjani na wale wanaomtazama, kama waimbaji wa taarabu watunzwavyo hadi leo. Kwa hiyo methali hii ina masharti mawili: pawe na mcheza, na pawe na kwao. Haisemi lolote juu ya mcheza asiyekuwa na uwanja kwao, wala juu ya kwao kunakomfukuza mcheza wake.

Makala haya yanakusudia kuitumia methali hiyo kama kipimo. Tutaeleza kwanza maisha na kazi ya Florence Kasumba, mwanamke aliyezaliwa Kampala akawa mcheza ngoma, mwimbaji na mwigizaji katika kumbi za Ujerumani, na hatimaye katika filamu zilizotazamwa dunia nzima. Kisha tutauliza swali ambalo wasomi wa lugha hatuna budi kuliuliza: mcheza huyu alipopanda jukwaani, lugha zetu zilipanda naye kwa kiasi gani, na zilipanda zikiwa nini? Hoja yetu ni kwamba lugha haipandi jukwaani kwa nguvu ya kamusi. Hupandishwa na mcheza anayeijua. Panapokosekana mcheza huyo, lugha hufika jukwaani vipande vipande, ikiwa majina na mapambo. Ili kuipima hoja hii tutamweka Kasumba kando ya wenzake wawili wa Afrika Kusini, kisha kando ya wanawake wa Kamiriithu, ambao kwetu sisi wa Thika na Ruiru ni majirani wa kaunti moja.

2. Juu ya neno "mcheza"

Yafaa kwanza tukubaliane juu ya istilahi. Lugha nyingi za Ulaya huwatenga mcheza dansi, mwimbaji na mwigizaji, na kila mmoja huwa na jina lake na mafunzo yake. Ilipokua huko New York na London, katika karne ya 20, ile aina ya tamthilia inayomtaka mtu mmoja aimbe, acheze na aigize kwa usiku mmoja, ilionekana kama ni kuunganisha sanaa tatu zilizokuwa mbalimbali.

Kwa Mswahili hapakuwa na haja ya kuunganisha kisichotengana. Kitenzi "cheza" hubeba ngoma na mchezo pamoja: mtu hucheza ngoma, na mtu hucheza mchezo wa kuigiza. Nomino "ngoma" nayo ni chombo kipigwacho, ni mdundo utokao ndani yake, ni uchezaji, na ni shughuli nzima pamoja na nyimbo zake na watu wake. Mtu akisema kwamba kesho kuna ngoma, hakuna amwulizaye kama atapiga, ataimba au atacheza. Shina hili limeenea katika lugha za Kibantu, nalo hubadilika maana kwa namna ya kuvutia. Katika Kiganda ni chombo chenyewe, tena ni alama ya enzi ya mfalme. Katika Kizulu ni wimbo na uchezaji. Na katika Kikuyu ni mizimu. Kwa hiyo katika makala haya tutaiita tamthilia ya aina hii "tamthilia ya ngoma", na afanyaye kazi hiyo tutamwita "mcheza", kwa maana yake pana. Neno "fanani", lililozoeleka katika fasihi simulizi, tutaliacha kwa maana ya jumla zaidi.

3. Mcheza wa Kampala katika nchi ya makaa

Florence Kasumba alizaliwa Kampala tarehe 26 Oktoba 1976, akalelewa mjini Essen nchini Ujerumani, ambako ndiko alikosomea shule zake za utoto. Essen ni mji wa bonde la Ruhr, yaani eneo la migodi ya makaa na viwanda vya chuma ambalo kwa zaidi ya miaka 100 lilikuwa tanuri la uchumi wa Ujerumani. Msomaji aliyeizoea Thika, mji ambao wenyeji hupenda kuuita Birmingham ya Kenya kwa ajili ya viwanda vyake, hatapata taabu kuliwazia eneo hilo: king'ora cha zamu, moshi, na vizazi vya watu waliotoka mbali kufuata kazi.

Inasimuliwa kwamba akiwa na umri wa miaka 12 Kasumba alipelekwa kuitazama Starlight Express katika mji jirani wa Bochum, na kwamba hapo ndipo alipoamua atakuwa nani. Tamthilia hiyo ya Andrew Lloyd Webber, ambamo wacheza huwa magari ya moshi yakishindana huku wakiteleza juu ya viatu vya magurudumu, ilianza kuonyeshwa Bochum mwaka 1988 katika ukumbi uliojengwa kwa ajili yake tu. Jambo hili si dogo. Mtoto hawezi kutamani kazi asiyoiona ikifanywa, na huyu aliiona ikifanywa umbali mfupi tu kutoka nyumbani kwao.

Baadaye alivuka mpaka akaenda Tilburg, Uholanzi, kusomea uigizaji, uimbaji na uchezaji katika chuo cha Fontys. Mafunzo ya namna hii yana taratibu zake. Mwanafunzi hufundishwa kuigawa pumzi ili sauti isikatike mwili unapokimbia; hufundishwa kuushika mwendo wa wenzake 20 pasipo kuwatazama; na zaidi ya yote hufundishwa kutamka, ili kila silabi imfikie mtu aliyeketi safu ya mwisho hata kama ala zote zinalia. Kwa kawaida mcheza wa tamthilia ya ngoma hupanda jukwaani mara nane kwa wiki, na maonyesho huweza kuendelea kwa miaka. Mtu hawezi kuistahimili kazi hiyo kwa kipaji peke yake.

Kasumba alianza kuonekana katika filamu mwaka 2001, katika filamu ya Kiholanzi Ik ook van jou. Jukwaani alicheza katika Cats, Chicago, West Side Story, Evita, The Lion King na Mamma Mia!, miongoni mwa nyingine. Kilele cha safari yake ya jukwaani kilikuwa Aida, tamthilia ya Elton John na Tim Rice iliyoanza New York mwaka 2000, inayohusu binti mfalme wa Nubia aliyetekwa na kupelekwa Misri. Ilipoletwa Ujerumani mwaka 2003, Kasumba ndiye aliyepewa nafasi ya Aida mwenyewe, tena katika ukumbi wa Colosseum mjini Essen, mji uliomlea. Mcheza alikuwa amerudi kucheza kwao.

Ukumbi huo unastahili kuangaliwa. Jengo la Colosseum lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 20 likiwa karakana ya kampuni ya chuma ya Krupp, nalo liligeuzwa kuwa ukumbi wa tamthilia mwaka 1996. Katika bonde la Ruhr migodi ilifungwa mmoja baada ya mwingine, wa mwisho ukifungwa mwaka 2018, na baadhi ya majengo yake yakawa makumbusho na kumbi za sanaa. Huku kwetu pia baadhi ya viwanda vya nguo vilizorota au vilifungwa katika miaka ya 1990, soko lilipofunguliwa na mitumba ikajaa. Sisemi kwamba kiwanda kikifungwa ni jambo jema mradi kigeuzwe jukwaa. Nasema tu kwamba mcheza huhitaji paa juu yake, na kwamba paa hilo huwa limejengwa na mtu fulani kwa kusudi fulani.

Kuna jambo jingine ambalo mwanaisimu hatalipita. Katika kumbi hizo za Ujerumani tamthilia za New York na London huimbwa kwa Kijerumani. Nyimbo hutafsiriwa hata zikubaliane na mizani ya muziki, na mcheza huzungumza na hadhira kwa lugha ya hadhira. Wajerumani hawakuona kuwa ni lazima mtazamaji wa Essen ajue Kiingereza ndipo alie pamoja na Aida. Kwa hiyo binti mfalme wa Nubia, akichezwa na binti wa Kampala, alilia kwa Kijerumani.

4. Jina lake Shenzi

Kutoka jukwaani Kasumba aliingia katika filamu kubwa za Marekani. Mwaka 2016 alionekana katika Captain America: Civil War akiwa mlinzi wa mfalme wa Wakanda, nafasi ambayo baadaye ilipewa jina la Ayo, akaiendeleza katika Black Panther (2018), katika mfululizo wa televisheni wa mwaka 2021, na katika Black Panther: Wakanda Forever (2022). Mwaka 2017 alikuwa mmoja wa wanawake wapiganaji wa Wonder Woman. Mapigano ya filamu kama hizo hupangwa hatua kwa hatua kama ngoma, na mwili uliofunzwa jukwaani huonekana mara moja. Mwaka 2019, katika televisheni ya Ujerumani, alianza kuigiza mpelelezi Anaïs Schmitz katika Tatort, mfululizo wa upelelezi ulioanza mwaka 1970 na ambao familia nyingi huutazama jioni ya Jumapili.

Mwaka huohuo wa 2019 alitoa sauti katika filamu mpya ya The Lion King. Nafasi yake ilikuwa fisi mkuu wa kike, na jina la fisi huyo ni Shenzi.

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapoinua uso. Neno hili lina historia, tena historia chungu. Katika miji ya pwani jamii ilijigawa kati ya waungwana na washenzi. Muungwana alikuwa mtu wa mji, mwenye nasaba, dini na adabu. Mshenzi alikuwa mtu wa bara asiyekuwa na hayo. Kwa macho ya Mombasa ya zamani, mtu wa Kampala na mtu wa Thika wote walihesabiwa katika kundi hilo la pili. Walowezi walipofika nyanda za juu za Kenya walilichukua neno hilo wakalitia katika Kiingereza chao kwa maana ya kitu hafifu au ovyo, na mbwa asiye na mbegu bora akaitwa mbwa shenzi. Neno lililokuwa tusi la pwani kwa bara likawa tusi la mgeni kwa wenyeji wote, likitamkwa katika mashamba ya kahawa na ya mkonge ambayo miji yetu ilimea kandokando yake.

Mnamo 1994 neno hilo likapanda juu zaidi, likawa jina la mnyama katika filamu ya watoto. Tukiyatazama majina ya filamu hiyo kwa pamoja tutaona jinsi yalivyoteuliwa. Simba ni simba na Rafiki ni rafiki. Pumbaa, yule ngiri, ni kitenzi kizima kilichofanywa jina. Sarabi, mama yake Simba, ni mazigazi, jina lenye uzuri wa kishairi. Katika filamu ya 2019 wenzake Shenzi waliitwa Kamari na Azizi. La kwanza ni mchezo wa kupotezea fedha, la pili ni mpenzi wa moyo. Majina haya yana sifa moja iyaunganishayo: yamesimama peke yake, hayana sentensi. Hakuna kiambishi cha nafsi, hakuna wakati, hakuna upatanisho wa ngeli. Hata "shenzi" lenyewe limevuliwa kiambishi chake, kwani Mswahili husema mshenzi, washenzi, kishenzi, ushenzi. Shina tupu halitembei peke yake ila katika kinywa cha mgeni, au cha mwenyeji anayemwiga mgeni.

Sentensi kamili iliyosikika sana ni moja tu, "hakuna matata", nayo inasimuliwa kwamba watengenezaji wa filamu waliisikia kwa mwongoza watalii walipozuru Kenya. Maneno hayo yalikuwa yamekwisha kuenezwa na bendi ya Them Mushrooms ya Mombasa katika wimbo wao wa mwaka 1982 uliowalenga watalii. Kampuni ya Disney iliomba kuyasajili maneno hayo Marekani kuwa alama yake ya biashara kwenye mavazi mwaka 1994, na usajili ukakamilika mwaka 2003. Mwaka 2018 watu wengi walitia saini ombi la kuupinga. Katika mjadala ule wengi walizungumzia wizi. Hapana shaka wana hoja. Lakini kwa mwanaisimu kuna swali linalotangulia: ni kwa nini katika lugha yenye mamilioni ya wasemaji na karne kadhaa za ushairi, kilichofika mbali kiwe kile alichoambiwa mtalii?

5. Waliopandisha lugha zao

Jibu tutalipata tukizitazama lugha nyingine zilizomo katika kazi hizohizo. Filamu ya 1994 hufunguliwa kwa mwito wa Kizulu. Mwito huo haukutoka katika kamusi. Ulitoka kinywani mwa Lebo M, yaani Lebohang Morake, mwimbaji wa Soweto aliyekuwa amekimbilia Marekani wakati wa utawala wa ubaguzi. Tamthilia ya jukwaani ilipoundwa na Julie Taymor mwaka 1997, Lebo M aliiongezea nyimbo za kundi zima, na waimbaji wa Afrika Kusini wakaajiriwa ili waziimbe. Huko Hamburg, ambako tamthilia hiyo ilianza mwaka 2001 katika ukumbi wa bandarini ambao hadhira huuendea kwa feri, mazungumzo ni ya Kijerumani, lakini nyimbo nyingi za kundi ni za Kizulu na lugha nyingine za kusini. Kizulu kilipata vishazi vyake na sauti zake kwa sababu kilikuwa na mtu mlangoni.

Mfano wa pili ni wa wazi zaidi. Wakanda ni nchi ya kubuniwa, na katika filamu hizo huwekwa upande huu wetu wa Afrika Mashariki. Hata hivyo wenyeji wake husema Kixhosa, lugha ya kusini kabisa mwa bara. Sababu yake ni mtu mmoja. Katika Civil War nafasi ya mfalme mzee ilipewa John Kani, mwigizaji aliyezaliwa mwaka 1943 katika jimbo la Rasi, aliyekuwa mmoja wa watungaji wa tamthilia Sizwe Banzi is Dead mwaka 1972. Ilipofika mfalme kuzungumza na mwanawe, Kani alipendekeza wazungumze kwa lugha yake. Mwigizaji wa nafasi ya mwana, Chadwick Boseman, akajifunza. Na filamu ya pili ilipotengenezwa, Kixhosa kilikuwa kimekwisha kuwa lugha ya taifa zima. Hivyo Kasumba, mwenye kusema Kijerumani, Kiholanzi na Kiingereza, alitakiwa atamke Kixhosa akiwa Ayo.

Tuyaweke mambo haya mawili bega kwa bega, kwani ndiyo kiini cha makala haya. Katika Black Panther mcheza mwenye asili ya Afrika Mashariki alisema Kixhosa, lugha isiyo ya kwao, nacho kilikuwa lugha yenye sentensi. Katika The Lion King alibeba neno la Kiswahili, lugha ya eneo alikozaliwa, nalo lilikuwa jina tupu lenye dharau. Tofauti hiyo haikuletwa na ukubwa wa lugha, maana Kiswahili kina wasemaji wengi kuliko Kixhosa. Wala si kosa la Kasumba, aliyelelewa Essen kama watoto wengine wa Essen. Tofauti ililetwa na kuwapo, au kutokuwapo, kwa mcheza ambaye ustadi wake na lugha yake vilikua pamoja. Ni ajabu iliyoje kwamba katika filamu ya The Lion King ya 2019 sauti ya Rafiki ni ya John Kani yuleyule.

6. Uwanja uliobomolewa

Kuna watakaosema kwamba wacheza wa namna hiyo kwetu hawakuwapo. Ushahidi unakataa. Huko Dar es Salaam Penina Muhando, Amandina Lihamba na Ndyanao Balisidya waliandika pamoja tamthilia ya Harakati za Ukombozi, iliyochapishwa mwaka 1982, na katika kazi za kizazi hicho ngoma na wimbo ni sehemu ya hoja yenyewe. Kilichoanzishwa Bagamoyo mwaka 1981 kilikuwa chuo cha sanaa kinachofundisha ngoma, muziki na maigizo chini ya paa moja. Na huku kwetu, katika kaunti ambayo Thika na Ruiru zimo, kulikuwa na Kamiriithu.

Kijiji cha Kamiriithu kiko Limuru. Mwaka 1977 wakulima, vibarua wa mashamba ya chai, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata, walimu na watu wasio na kazi walijenga kwa mikono yao ukumbi usio na paa wenye kuketisha watu zaidi ya 2,000, wakaigiza Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii, chini ya uelekezaji wa Kimani Gecau. Kisa chake chahusu kiwanda: Kiguunda na mkewe Wangeci wana ekari moja na nusu, na matajiri wanaitamani ardhi hiyo ili wageni wajenge kiwanda cha dawa ya wadudu. Mtu wa Thika hahitaji kuelezwa zaidi.

Tamthilia hiyo ilikuwa ya ngoma kwa kila hali. Mojawapo ya sehemu zake ni gitiro, majibizano ya kuimbwa na kuchezwa na wanawake wakati wa arusi, ambayo waandishi wenyewe hawakuyajua kwa ukamilifu. Ngugi wa Thiong'o ameeleza kwamba aliyewafundisha, kishazi baada ya kishazi, ni mwanamke wa kijijini asiyejua kusoma wala kuandika. Katika mazoezi, yaliyofanywa hadharani, watu walisahihisha lugha: mzee hasemi hivi, mama mkwe haitwi hivyo. Yule mama na wenzake walifanya miaka karibu 40 kabla kile alichokuja kukifanya Kani mbele ya kamera, nao walikifanya kwa upana zaidi, kwa kuwa si lafudhi tu waliyoitoa bali utanzu mzima.

Maonyesho yalianza tarehe 2 Oktoba 1977. Tarehe 16 Novemba kibali kiliondolewa, na kabla ya mwaka kwisha Ngugi wa Thiong'o alitiwa kizuizini. Kikundi kilirudi tena na Maitu Njugira, yaani Mama Niimbie, tamthilia yenye nyimbo za lugha kadhaa za Kenya. Februari 1982 wacheza walikuta milango ya Ukumbi wa Kitaifa imefungwa. Watu zaidi ya 10,000 waliwaona katika mazoezi ya Chuo Kikuu cha Nairobi kabla nayo hayajakatazwa. Tarehe 12 Machi 1982 askari walitumwa Kamiriithu, wakaubomoa uwanja. Baadaye chuo cha ufundi kilijengwa mahali pale.

Tukirejea methali yetu, hapa palikuwa na mcheza na palikuwa na kwao, na bado hakutunzwa. Waandishi na mwelekezi wanatajwa katika kila kitabu cha historia ya tamthilia ya Afrika. Ngugi wa Thiong'o alipofariki tarehe 28 Mei 2025 dunia nzima ilimwomboleza, na ilistahili. Lakini nani kati yetu awezaye kusema, bila ya kufungua kitabu, mwanamke gani alicheza Wangeci mwaka 1977, alijifunza wapi kuimba, na alifanya kazi gani uwanja ulipokwisha kubomolewa? Juu ya Kasumba tunajua hata tamthilia aliyoitazama akiwa na miaka 12.

Mwezi Mei 2022 tamthilia hiyo ilirudi katika Ukumbi wa Kitaifa jijini Nairobi, ikachezwa kwa Kiingereza na kwa Kikuyu. Kwamba milango iliyofungwa mwaka 1982 ilifunguliwa ni jambo la kushukuru. Ila wacheza wa 2022 walikuwa wa kizazi kingine, wenye kutegemea maandishi, ilhali wale wa 1977 ndio waliokuwa chemchemi ya maandishi hayo.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba maisha ya mcheza mmoja huweza kutufunulia hali ya lugha nzima. Kasumba alipata ukumbi jirani, chuo, paa, na lugha ya hadhira. Kwa hayo akawa mcheza kamili, na waliomlea wakamtunza. Kiswahili kilimfikia kikiwa shina lililokatwa kiambishi. Kizulu na Kixhosa zilikuwa na wacheza wazipandishao. Kikuyu kilikuwa nao, nao wakavunjiwa uwanja.

Kutokana na hayo, kazi ya idara za lugha haiwezi kukomea katika kusanifu istilahi, ingawa istilahi za jukwaani zinahitajika na neno "mcheza" lingeweza kuwa mwanzo mwema. Wanafunzi wetu wa Kiswahili na wale wa sanaa za maonyesho husoma katika vyumba tofauti, na mara nyingi hawajuani. Yule wa kwanza hujua upatanisho wa ngeli asijue kuigawa pumzi. Yule wa pili hujua pumzi, lakini akipewa mistari ya Kiswahili huitamka kama mtu asomaye tangazo. Madhali hali ni hiyo, watakaotengeneza filamu nyingine wataendelea kutafuta majina katika kamusi, na hakuna atakayekuwapo mlangoni kuwaambia kwamba shenzi si jina la kumpa mtoto wala mnyama.

La pili lina haraka zaidi. Mwanamke aliyekuwa na miaka 30 alipocheza Ngaahika Ndeenda anakaribia 80 sasa. Safari ya kutoka Thika hadi Limuru haichukui hata nusu siku. Kinasa sauti, daftari na mwanafunzi mmoja ajuaye Kikuyu vyatosha kuanza: gitiro liandikwe jinsi linavyoimbwa, liandikwe na jinsi linavyochezwa, na kila mmoja aulizwe habari za maisha yake kwa ukamilifu uleule ambao magazeti ya Ujerumani humwuliza Kasumba.

Kitenzi "tunza" kina maana mbili katika Kiswahili. Kutunza ni kumzawadia mcheza uwanjani, na kutunza ni kuhifadhi kitu kisiharibike. Ile ya kwanza imewapita wanawake wa Kamiriithu. Hii ya pili bado imo katika uwezo wetu, kwa muda wote watakaokuwapo wa kutusimulia.